Walimu Tusiowaona: Habari za Kusoma Katika Nchi ya Handeni na Korogwe

Sisi wa Handeni na Korogwe tumezoea kufundishwa na watu waliotoka mbali. Mababu zetu walifundishwa herufi na wamisheni waliopanda kutoka pwani kwa miguu. Wazazi wetu walifundishwa na vijana wa Mwalimu Nyerere waliokuja na ubao mmoja na chaki chini ya mwembe. Na kati ya mwisho wa mwaka 2017 na mwanzo wa mwaka 2019, watoto wapatao 3,000 wa vijiji vya mkoa wetu wa Tanga walifundishwa kusoma na walimu ambao hawakuwaona hata siku moja, kwa sababu walimu hao walikuwa maprofesa, wahandisi na waandishi wa programu za kompyuta waliobaki makwao Marekani, Uingereza, India na Korea.

Habari hii imekwisha kusahauliwa na wengi wetu. Wengine hawakuisikia kabisa. Tunaona vema iandikwe katika kitabu cha Wakristo, maana inagusa jambo ambalo Kanisa katika nchi hii lilianza nalo tangu siku ya kwanza, yaani kumfundisha mtu kusoma ili asome mwenyewe, asingoje kusomewa.

Ilikuwa hivi. Mwezi Septemba mwaka 2014, shirika moja la Marekani liitwalo XPRIZE lilitangaza shindano la dola milioni 15. Waliotaka kushinda walitakiwa kutengeneza programu ya kompyuta itakayomwezesha mtoto asiyekwenda shule ajifunze mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu katika muda wa miezi 15. Fedha zilitolewa na tajiri Elon Musk. Timu 198 zilijiandikisha. Mwaka 2017 zilibaki tano tu, na hizo tano zikaletwa kujaribiwa kwetu, katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa msaada wa UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na Serikali yetu. Kampuni ya Google ilitoa vishikwambi. Programu zote zilipaswa kusema Kiswahili, tena zifanye kazi bila intaneti, kwa kuwa katika vijiji vilivyochaguliwa haikuwepo.

Kila kijiji kiliwekewa mitambo ya sola ya kuchajia. Akachaguliwa mama wa kijiji kuwa mlezi: kuwakusanya watoto, kuwatia moyo, kuangalia vifaa vinachajiwa. Mama huyo hakuwa mwalimu, wala hakutakiwa kufundisha. Tunamtaja mapema hivi kwa makusudi, maana katika habari nyingi zilizoandikwa kuhusu shindano hili majina ya wenye fedha hutangulia na yeye huja mwishoni, au haji kabisa. Lakini mtu yeyote aliyewahi kulea watoto kumi na watano wenye umri wa miaka tisa anajua kwamba kifaa kisicho na mama hakifiki wiki ya tatu.

Kabla ya kuwasema maprofesa, turudi nyuma kidogo, kwa kuwa kazi yao ilisimama juu ya kazi ya watu wengine, nao wenyewe pengine hawakujua.

Misheni ya UMCA iliingia Magila, katika nchi ya Wabondei, miaka ya 1860, na kuanzia mwaka 1875 Padre John Farler akaijenga ikasimama. Kutoka Magila Injili ikasambaa hadi Usambara, Korogwe na Uzigua. Walimu wengi wa kwanza hawakuwa Wazungu. Walikuwa vijana waliosomea chuo cha Kiungani, Unguja, na miongoni mwao walikuwamo waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mtoto aliyetekwa, akanunuliwa, akavushwa bahari, akarudishwa bara akiwa amebeba kitabu na kufundisha watoto wa watu wengine. Hapo ndipo shule zetu zilipoanzia.

Nyuma ya vitabu vile alikuwepo Edward Steere, aliyekuwa Askofu tangu mwaka 1874 hadi alipofariki mwaka 1882. Kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Steere alikuta Kiswahili kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama kilivyokuwa kimeandikwa kwa karne nyingi, naye akaamua kukiandika kwa herufi za Kirumi. Uamuzi wake mkubwa ulikuwa huu: konsonanti zitamkwe karibu na Kiingereza, lakini irabu zitamkwe kama za Kitaliano. Yaani *a* iwe *a* daima, *e* iwe *e* daima. Hakuwaletea Waswahili mtego ule wa Kiingereza, ambapo herufi moja ina sauti tano na sauti moja ina herufi sita. Mwaka 1930 ilipoundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, njia hiyo ya irabu iliendelea.

Wengine walifanya kazi hiyo hiyo kwa lugha zetu za nyumbani. Herbert Woodward alikusanya maneno ya Kibondei yakachapwa mwaka 1882, kisha akafanya hivyo pia kwa Kisambaa. Walter Kisbey alitoa kamusi ya Kizigua mwaka 1906. Hebu fikiri kazi iliyokuwapo: padre mgeni ameketi barazani na wazee wa Kizigua, anaonyesha jiwe, anaonyesha jino, anaonyesha moshi, anaandika. Wazee wale hawakutajwa kwenye jalada la kitabu. Hilo nalo ni jambo la zamani lililoendelea hadi leo.

Sasa tuvuke hadi Marekani, mji wa Pittsburgh, kwenye Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Idara yao ya sayansi ya kompyuta ilianzishwa mwaka 1965, miongoni mwa za kwanza duniani. Mmoja wa walimu wake wakubwa ni Raj Reddy, aliyezaliwa mwaka 1937 katika kijiji cha Katur kusini mwa India, mtoto wa familia ya wakulima, na wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Yeye alitumia maisha yake kuifundisha mashine isikie maneno ya binadamu, na mwaka 1994 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta ndiyo heshima ya juu kuliko zote. Mwanafunzi wake Kai-Fu Lee alitengeneza miaka ya 1980 programu iliyoitwa Sphinx, iliyoweza kusikia maneno ya mtu yeyote bila kuzoezwa kwanza sauti yake.

Katika chuo hicho hicho Profesa Jack Mostow alijiuliza swali ambalo sisi walezi wa shule za Jumapili tunalielewa vizuri sana. Mtoto akisoma kwa sauti, ni nani anamsikiliza? Mwalimu ana watoto hamsini. Mama yuko shambani. Miaka ya mwanzo ya 1990 Mostow alianza kutengeneza mashine ya kumsikiliza mtoto akisoma, ijue amekwama wapi, imsaidie neno lile alilokwama, kisha imwache aendelee. Aliitumia miaka mingi kwa watoto wa Marekani wasomao Kiingereza. Shindano lilipotangazwa, yeye na wenzake wakatengeneza programu ya RoboTutor, na safari hii mtoto wa kusikilizwa akawa mtoto wa Kitanzania.

Namna mashine inavyosikia inafaa kuelezwa, maana watu hudhani ni uchawi. Sauti ya mtoto hukatwa vipande vidogo sana, vingi katika kila sekunde moja. Kila kipande hupimwa: kinafanana zaidi na *m*, au na *n*, au na *a*? Kisha mashine huvipanga vipande na kuuliza ni neno gani kati ya maneno yaliyopo mbele ya mtoto lina mfuatano unaokaribia huo. Haielewi chochote. Inalinganisha tu. Kwa hiyo lazima mtu awe ameiambia mapema kila neno linaundwa na sauti gani.

Kwa Kiingereza kazi hiyo ni ngumu, kwa sababu tahajia haikuambii neno linatamkwaje. Inabidi kuwe na kamusi kubwa ya matamshi. Kwa Kiswahili, andiko lenyewe ndilo matamshi. *Ba, be, bi, bo, bu.* Mtu akijua silabi zake anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona maishani mwake. Ndiyo sababu tunasema maprofesa wa Pittsburgh walimkuta Steere ametangulia. Uamuzi wa irabu, uliofanywa Unguja kwa ajili ya vitabu vya sala, ulimrahisishia kazi mtoto wa kijijini, na ukaja kuirahisishia mashine zaidi ya miaka 140 baadaye. Hatudai kwamba Steere aliliona hilo. Aliona tu kwamba msomaji wake ni mtu wa kawaida, asiye na muda wa kupoteza.

Lakini hapa pia pana kasoro, na tungekuwa waongo tukiinyamazia. Kiswahili cha kwenye vifaa ni kile sanifu. Mtoto wa ndani Handeni husema Kizigua na bibi yake. Mtoto wa Kimaasai wa mbugani husema Kimaasai bomani. Mtoto wa milimani juu ya Korogwe husema Kisambaa. Kiswahili chao ni kizuri lakini kina ladha ya nyumbani. Mtu mzima akimsikia anatabasamu, anaelewa. Mashine haitabasamu. Inaposhindwa kulinganisha inamwambia mtoto arudie. Mtoto aliyesema sawa akiambiwa arudie mara tatu hujifunza jambo moja, kwamba amekosea, ijapokuwa hakukosea.

Timu nyingine nne zilikuwa na historia zao, nasi tutazigusa kwa kifupi. CCI ya Marekani na Chimple ya India zilifika fainali. Onebillion ya Uingereza ilikuwa imekwisha kufanya kazi Malawi kwa Kichewa, na kazi hiyo ilipimwa na Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham. Kitkit School ilitengenezwa na kampuni ya Sooinn Lee na mumewe Gunho Lee, Wakorea wanaoishi Marekani, ambao walianza kutengeneza programu za masomo baada ya kupata mtoto mwenye ulemavu. Tunaikumbuka hiyo kwa namna ya pekee, kwa kuwa huku kwetu Kwamkono watoto waliopooza kwa polio walilelewa na Kanisa miaka mingi, na tunajua jinsi mtoto mmoja anavyoweza kubadili kazi ya mzazi.

Tarehe 15 Mei 2019 matokeo yalitangazwa. Onebillion na Kitkit School zilishinda pamoja, zikagawana dola milioni 10, kila moja milioni tano. RoboTutor ya maprofesa haikushinda. Ilipata dola milioni moja ambayo kila timu ya fainali ilipewa.

Na watoto je? Kabla ya majaribio, asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitu nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu. Katika hesabu, wasichana na wavulana walifaidika sawasawa.

Tulipozungumza takwimu hizi baada ya ibada, tuligawanyika. Wengine walisema: mtoto ambaye hakuwa na chochote sasa anasoma, nanyi mnataka nini tena? Wengine walisema: nusu ya pili iko wapi? Miezi 15 ya kushika kioo kila siku na bado mtoto hajui neno moja. Mmoja wetu, mwalimu mstaafu, aliuliza swali ambalo halikujibiwa: mwaka 2016 Serikali ilikwisha kuondoa ada na michango ya lazima, sasa watoto hao walikuwa wapi? Tunalijua jibu, na si la kompyuta. Walikuwa wanachunga, wanachota maji, wanalea wadogo zao, au shule ipo kilomita nyingi ng'ambo ya mto unaofurika masika. Profesa hawezi kuandika programu ya kujenga daraja.

Hata hivyo hatuwezi kudharau. Sisi ni watoto wa kampeni. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi zetu walikaa madawatini jioni wakiwa na kanga mabegani, mikono imepasuka kwa mkonge, wakijifunza kuandika majina yao. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaleta elimu ya msingi kwa wote. Watu walilalamika wakati ule pia kwamba walimu hawakuiva, kwamba vitabu havitoshi. Yalikuwa malalamiko ya kweli. Lakini bibi aliyejua kuandika jina lake hakudhulumiwa tena kwenye mizani.

Jambo linalotusumbua zaidi ni jingine. Katika habari yote hii sisi tulikuwa mahali pa kujaribia. Programu zilitengenezwa kwingine, zikajaribiwa kwetu, tuzo ikatolewa kwingine. Je, hakuna walimu wa kompyuta nchini mwetu waliowaza kutokea huku?

Wapo, na mizizi yao, ajabu, inapita karibu nasi. Mwaka 1947 ndugu zetu Walutheri walianzisha masomo ya wachungaji huko Lwandai, Lushoto, juu ya milima hii tunayoiona kutoka Mombo. Mwaka 1954 masomo hayo yakahamishiwa Makumira. Kutoka huko kukatokea, mwaka 1996, Chuo Kikuu cha Tumaini cha KKKT, na chuo chake cha Iringa kikawa na theolojia, sheria, uandishi wa habari na biashara, ndugu wote chini ya paa moja. Mwaka 2007 chuo hicho cha Iringa kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Mmoja wa walioiongoza alikuwa Mfini Matti Tedre. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yeye na wenzake walikuwa wameandika kwamba kompyuta haina utupu: inabeba ndani yake desturi za waliyoitengeneza, kwa hiyo kila jamii inapaswa kuisoma kwa macho yake yenyewe.

Mwaka 2009 Tedre, pamoja na mkuu wa chuo Profesa Nicholas Bangu na Seth Nyagava, walichapisha maelezo ya mtaala wao. Ukisoma unajisikia nyumbani. Haukuishia kunakili mtaala wa Ulaya. Ulianza na mambo ya Iringa: umeme unaokatika, vumbi, virusi vya kompyuta, mwanafunzi ambaye hajawahi kugusa kompyuta kabla ya kufika chuo. Mwanafunzi alifundishwa kwa miradi, atatue shida iliyo mbele yake. Kabla ya hapo mwenzao Mikko Vesisenaho alikuwa amefanya utafiti wake wa udaktari juu ya namna ya kuanza kufundisha kompyuta Tanzania, wakajaribu hata matofali madogo yenye kompyuta ndani, ambayo mwanafunzi anayapanga kwa mikono badala ya kuandika maagizo. Mwaka 2013 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Iringa.

Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara yake ya kompyuta ilikwisha kutoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Waliozitafsiri walilazimika kukaa na kubuni maneno moja moja, kama Kisbey na wazee wake, ila sasa wazee na mwandishi walikuwa watu wa nchi moja. Na hiyo ni nchi ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta.

Tunaandika haya chini ya taa ya umeme. Bwawa la Hale, hapa hapa Korogwe, linazalisha umeme tangu mwaka 1964, mitambo ya megawati 21, na kwa miaka mingi nyaya zake zilipita juu ya vichwa vya vijiji vyenye vibatari. Ndiyo maana vishikwambi vya watoto vilihitaji sola.

Masharti ya shindano yalidai kwamba programu zote tano ziachwe wazi, kila mtu aweze kuchukua maandishi yake na kuyabadilisha bila malipo. Ziko huko mpaka leo. Walimu wa shule zetu nao wamepewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022. Kamusi ya Kizigua ya Kisbey imetimiza zaidi ya miaka mia moja. Katika ibada ya Jumapili iliyopita tulihesabu vijana wanne wa mtaa wetu wanaosoma kompyuta vyuoni. Tumewaomba wakirudi likizo wapite kwanza kwa wazee wa Kwamkono, wakae nao barazani na simu zao wakiwarekodi, na safari hii wayaandike majina ya wazee.